Nyumba Iliyoitwa Mahakamani

Nchi ile haina jina. Si kwamba majina yamekosekana, yako tele, ila kamati ya kuchagua jina bado inakaa, tena inakaa vizuri, kwenye hoteli yenye kiyoyozi, na hakuna mjumbe mwenye haraka. Kwa hiyo wananchi wanaiita "hapa kwetu," wageni wanaiita "kule kwao," na maisha yanaendelea.

Kiongozi wa nchi hiyo anaitwa Mlezi wa Taifa, na hotuba yake hugeuka sheria mara tu makofi yanapokwisha. Ndiyo maana mawaziri wake hupiga makofi kwa muda mrefu sana, wapate nafasi ya kufikiri watafanyaje. Siku moja Mlezi alipelekewa habari kwamba hakimu fulani alimkabidhi mtu nyumba kwa kuangalia picha tu, kumbe ile picha ilikuwa ya nyumba ya hakimu mwenyewe. Mlezi alikasirika hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Akapanda jukwaani akasema kwamba tangu siku hiyo Mahakama haitadanganywa tena na picha, ramani, hati wala maneno matupu. Kinachogombaniwa kiletwe mahakamani, kionekane na kiguswe. Makofi yakapigwa, yakachoka, yakaisha, na neno likawa sheria.

Hapo haki ikaanza kutendeka, tena kwa fujo. Ndugu wawili waliogombea kisima walileta maji yake kwenye mapipa; hakimu akayaonja, akayasifu, kisha akauliza shimo liko wapi. Majirani waliogombea mpaka waling'oa ua wote wa minyaa wakaupeleka, na baada ya hukumu hakuna aliyekumbuka ulikuwa umepita wapi. Mume na mke waliotaka talaka waliamriwa walete ndoa. Walishauriana wee, mwishowe wakaleta kitanda, na kitanda hicho mpaka leo kiko katika ofisi ya Karani wa Vielelezo, ambaye hukichunguza kila siku baada ya chakula cha mchana, akiwa amelala.

Hiyo ndiyo mahakama aliyoikimbilia Nyamizi, mjane wa Msengi.

* * *

Msengi alikuwa mwashi. Siku za kazi alijenga nyumba za watu, na Jumapili alijenga yake, kwa hiyo nyumba za watu zilikwisha upesi na yake ikaota pole pole kama jino la ukubwani. Nyamizi ndiye aliyekanyaga udongo wa matofali, ndiye aliyebeba maji, ndiye aliyelala macho akichochea tanuru. Nyumba ilipokamilika ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza, bati jipya, na mlango wa mninga ambao Msengi alikuwa akiupiga msasa hata wageni wakiwa wameshakaa. Chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara, alipewa mama yake mzazi, Bibi Milembe, aliyekuwa amekula chumvi nyingi na miguu yake haikumtii tena. Bibi akikaa kitandani pale alisalimiana na dunia nzima bila kusimama.

Kisha Msengi akaugua homa, akafa. Hata arobaini haijaisha vizuri, sufuria za watu hazijarudishwa, mdogo wake Kapufi akaingia na futikamba. Hakunywa hata uji. Alipima sebule, akapima madirisha, akapima kitanda cha mama yake huku mama yake yuko juu yake. Alipomaliza akatangaza kwamba nyumba ya mwanamume ni ya ukoo wa mwanamume, kwamba shemeji alikuja na kanga mbili na ataruhusiwa kuondoka na kanga mbili, na kwamba chumba cha mbele, kwa vile kinatazama barabara, kitafaa sana kuwa duka la vipuri vya pikipiki.

Bibi Milembe akauliza yeye atakaa wapi. Kapufi akasema hilo litaangaliwa.

"Mimi nitatoka humu kwa jeneza," Bibi akasema. "Na Nyamizi haendi popote. Huyu ndiye anayenigeuza nisioze ubavu mmoja. Wewe mara ya mwisho kunigeuza ilikuwa lini?"

Kapufi akakunja futikamba yake, akatoa muda mpaka mahindi yavunwe. Nyamizi hakuogopa kulala nje yeye. Alikuwa na mikono na mgongo, angeishi. Aliogopa kwa ajili ya yule mwanamke mzee ambaye alikuwa hawezi hata kujifukuzia nzi. Kesho yake akavaa nguo yake ya kanisani, akaenda mahakamani kuomba awe msimamizi wa mirathi ya mumewe.

* * *

Karani wa Vielelezo, Bwana Tindwa, alikuwa mtu mpole mno. Alimkaribisha Nyamizi, akampa pole ya msiba, akamwuliza kielelezo kiko wapi. Nyamizi akatoa funguo za nyumba. Bwana Tindwa akazipima mkononi, akacheka kwa upole, akasema hizo ni funguo.

Nyamizi akarudi siku nyingine na bati moja kichwani. Bwana Tindwa akasema hilo ni bati. Akarudi na mlango wa mninga, umefungwa kwenye baiskeli ya Lusato, mwashi aliyekuwa akifanya kazi na marehemu. Safari hii Hakimu Bujiku mwenyewe alitoka nje kuutazama, maana alipenda mbao nzuri. Aliuzunguka, akaugonga kwa kidole, akasimama nyuma yake kama mwenye nyumba anayetoka kupokea wageni, kisha akatoa uamuzi mdogo.

"Mahakama hii imegonga," akasema, "na haikuona ndani kukiwa na nyumba. Mdai anakumbushwa kwamba sheria haisemi kinachogombaniwa kiletwe kidogo kidogo kama mboga. Alete nyumba. Akishindwa, mdaiwa atapewa ushindi kwa sababu yeye hana alichoshindwa kuleta."

Kapufi, ambaye ndiye mdaiwa, alikuwa amekaa kwenye benchi akila karanga. Kisheria hakutakiwa kuleta kitu, zaidi ya mwili wake na koti.

Nyamizi aliuliza, kwa adabu zote, kama Mheshimiwa hangeweza kwenda kuiona nyumba pale ilipo, maana haikuwa mbali, ni kupita soko tu. Hakimu alivua miwani, akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba Mahakama ikianza kutembelea nyumba za watu itakuwa haina tofauti na mgeni. Wazee wa baraza wakatikisa vichwa kwa kuguswa na hekima ile.

* * *

Alirudi nyumbani akakaa kibarazani akashika tama. Lusato alikuja, akakaa naye. Lusato alisema kwamba nyumba ile imeshikwa kwa udongo, si saruji, kwa hiyo ikiguswa kwa akili matofali yatatoka mazima. Alisema vilevile kwamba hata kulisema jambo lenyewe kunamtia aibu. Nyamizi akaingia ndani kumwambia mama mkwe.

Bibi Milembe alisikiliza. Akauliza kama ni kweli nyumba inavunjwa ili wapewe nyumba. Nyamizi akasema ni kweli. Bibi akafikiri, akasema basi waanzie vyumba vya nyuma, yeye atakuwa wa mwisho.

Wakaanza na mabati. Majirani walikuja kusaidia kwa haya, kama watu wanaomvua maiti nguo. Kila tofali Nyamizi alilipokea kwa mikono miwili. Mengine aliyajua kabisa, kuna lililokuwa na alama ya kisigino chake tangu lilipokuwa bichi, na alipoliona alikaa chini akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Ukuta wa chumba cha mbele uliposhuka, Bibi Milembe alibaki katikati ya kiwanja, kitandani kwake, chini ya mwavuli uliofungwa kwenye mti wa chandarua, akiwasalimu wapita njia vilevile, ila sasa kutoka pande zote nne. Mvua za kwanza zilimkuta hapo. Nyamizi alimfunika turubai, akalala chini ya kitanda, na wote wawili walilowa.

Mikokoteni ikabeba nyumba kupita sokoni. Wachuuzi waliacha kupima nyanya wakatazama. Rundo likamwagwa uwanjani kwa Mahakama, kati ya mlingoti wa bendera na mahali pa kuegesha gari la Hakimu.

Hakimu Bujiku alitoka, akalizunguka rundo, akachukua tofali moja, akalinusa. "Mahakama imeona matofali," akasema. "Mahakama inataka nyumba."

Lusato aliyekuwa pale alitupa kofia yake chini. Nyamizi hakutupa kitu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kurusha mikono ovyo. Aliuliza tu kama anaweza kupata maji ya kukorogea udongo. Bwana Tindwa, mpole kama kawaida, akamwonyesha bomba.

* * *

Wakaijenga upya. Lusato alishika timazi na mwiko, Nyamizi akakanyaga udongo kama zamani, na mahabusu waliokuwa wakingoja kesi zao waliomba ruhusa ya kusaidia, wakapewa, kwa sababu kesi zao zilikuwa bado hazijapata vielelezo. Watumishi wa Mahakama walikuja wakati wa chai kutoa ushauri. Mmoja alisema dirisha lisogezwe kidogo, apate upepo mezani kwake.

Ilipofika kwenye bati la mwisho, Hakimu akatoa agizo jingine, kwamba nyumba iwe kama ilivyokuwa siku marehemu alipoaga dunia, pamoja na vyote vilivyokuwamo. Kwa hiyo Bibi Milembe akaletwa na mkokoteni, kitanda na mto wake, akawekwa katika chumba cha mbele. Dirisha lake sasa lilitazama choo cha mawakili. Alisema hapana neno, mradi wamepata bati.

Siku ya hukumu watu walijaa. Hakimu aliingia ndani ya nyumba pamoja na wazee wa baraza, akagusa kila ukuta, akakaa kila kiti, akamsalimu Bibi Milembe bila kungoja jibu, maana mpaka hapo alishaandikwa katika orodha ya vielelezo baada ya kitanda na kabla ya kabati. Kisha alitoka kibarazani akasoma. Alisema haijapata kutokea katika maisha yake kuona ushahidi unaokalika namna ile. Nyumba ni ya mjane. Mjane awe msimamizi. Ukoo ukae mbali.

Watu wakashangilia. Nyamizi alishikwa na furaha, akaegemea mlango wa mninga, mlango wake, akawa anausugua kwa kiganja bila kujua. Akafikiri atawaomba majirani tena, wairudishe pole pole, waanze na chumba cha mama. Alikuwa bado anafikiri hivyo Kapufi alipokuja karibu, mdomoni ana njiti, akasema, bila hata ubaya, "Shemeji, usinichukie. Nimeambiwa kukata rufaa ni haki yangu, tena bure. Sasa mtu ataachaje?"

Na kesi ikikatiwa rufaa, vielelezo hufungwa mpaka rufaa isikilizwe. Askari wakaja na lakiri na minyororo. Waligongomea madirisha nondo, wakafunga mlango wa mninga, wakabandika muhuri wa Taifa wenye picha ya Mlezi akitabasamu. Nyamizi aliwaambia kuna mtu ndani. Wakasoma orodha, wakamwambia hapana, viko vitanda viwili, kabati, meza, viti, na bibi kizee mmoja, vyote vimehesabiwa na viko salama.

* * *

Alikimbilia kwa Bwana Tindwa. Bwana Tindwa aliamka kitandani akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa uchungu wake. Akasema rufaa husikilizwa mji mkuu, na nyumba itapelekwa huko zamu yake ikifika, lakini kwa sasa Mahakama ya Rufaa inalo daraja zima ambalo halijapata pa kuwekwa. Kuhusu chakula, alisikitika: kukilisha kielelezo ni kukibadilisha, na kubadilisha ushahidi ni jinai. Kuhusu maji vilevile.

Nyamizi akaenda kukaa chini ya dirisha. Askari mwenye bunduki alisimama kando yake akitazama pembeni. Ndani Bibi Milembe alikuwa akiomba maji. Mwanzo aliomba kama mtu anayeomba nyumbani kwake, na baadaye aliomba kama ombaomba. Askari yule alikuwa na mama yake mahali, kwa maana alipokwenda kujisaidia alikwenda mbali na akakawia, na Nyamizi akapenyeza kitambaa kilicholowa katikati ya nondo. Mkono wa Bibi haukukifikia. Kilining'inia pale kikakauka.

"Nyamizi," Bibi aliita, sauti imekauka nayo. "Wamesema mimi ni nini?"

Nyamizi alisema tu, "Nakutoa, mama. Subiri, nakutoa."

Kulikuwa na njia moja. Mdai akifuta kesi yake, rufaa inakufa yenyewe, na vielelezo vinatolewa kwa upande wa pili siku hiyohiyo. Nyumba ingekuwa ya Kapufi. Nyamizi alimpa Msengi pole moyoni, akamwambia nisamehe baba, nyumba tutajenga siku nyingine, akasimama akaenda kwa Hakimu.

Hakimu Bujiku alihuzunika kwa dhati, kwa sababu ile ilikuwa hukumu yake nzuri kuliko zote. Alimweleza kwamba mtu hawezi kuiacha haki aliyopewa na Mahakama, kwa kuwa hiyo ingemaanisha Mahakama imempa mtu kitu asichokitaka. Labda kama alidanganya. Aliyedanganya anaruhusiwa kufuta. Basi atafute uongo wake.

"Niseme nimedanganya nini, Mheshimiwa?"

Hakimu alipekua jalada akimsaidia kutafuta. Nyumba ilikuwepo, alishaikalia mwenyewe. Kifo kilikuwepo. Kilichobaki ambacho hakikuletwa mahakamani kikaguswa kilikuwa kimoja tu, ndoa.

Akapewa Biblia. Nyamizi aliishika, akaona ukumbi wote ukimzunguka, akamwona Lusato akiinama asimtazame. Alijisikia mchafu kabla hata hajafungua mdomo. Akasema, "Sikuwahi kuwa mke wa Msengi." Hakimu akamwomba aongeze sauti kwa ajili ya kumbukumbu. Akaongeza. Karani akagonga muhuri, na miaka yote ile, matanuru yote yale, ikawa haikuwahi kutokea.

* * *

Lakiri zikavunjwa. Bwana Tindwa alisimama mlangoni na orodha, Kapufi akawa anapokea. Alipokea kuta, bati, madirisha, mlango, vitanda, kabati. Ilipofika zamu ya Bibi Milembe, Kapufi alichungulia ndani, akakuna shingo.

"Mimi nilidai nyumba," akasema. "Mama sikumdai. Angalieni kwenye jalada."

Wakaangalia, ni kweli hakumdai. Nyamizi akajitokeza mbele, karibu aanguke, akasema apewe yeye. Bwana Tindwa akamtazama kwa huruma iliyokomaa kazini, akamwuliza yeye ni nani wake. Nyamizi akafungua mdomo. Mkamwana ni mke wa mwana, na yeye alishaapa. Alitazama huku na huku akitafuta neno jingine la kuitwa, hakulipata.

"Ni mwanangu huyo," Bibi Milembe alisema kutoka ndani, kwa sauti ndogo lakini kila mtu aliisikia.

Bwana Tindwa aliandika kwamba sauti imesikika. Kisha akaeleza, akiomba radhi, kwamba kielelezo hakitoi ushahidi. Kikianza kutoa ushahidi kitakuwa shahidi, na shahidi alipaswa kuitwa mapema.

Hapo mambo yakakwama, na watumishi walikuwa wanataka kwenda nyumbani. Kapufi naye alikuwa anabishana na mtu wa Idara ya Viwanja, aliyefika kupaka alama ya X nyekundu ukutani, kwa kuwa nyumba imejengwa kwenye kiwanja cha Serikali bila kibali na mwenye nyumba anatakiwa aiondoe. Kapufi alimwonyesha mikono yake, laini kama ya mtoto, akauliza aiondoe kwa kutumia nini.

Bwana Tindwa alikwenda kupekua sheria, akarudi amefurahi. Kielelezo kisichodaiwa na yeyote hutupwa nje ya geti kabla ya saa za kazi kwisha. Akaita askari wawili. Wakamshika Bibi Milembe mmoja mabegani mmoja miguuni, wakamvusha uwanja, wakampitisha getini, wakamlaza kando ya pipa la taka, wakakung'uta mikono. Mlezi wa Taifa alisomewa taarifa jioni ile kwenye redio: shauri jingine la mirathi limemalizika kwa amani, pande zote zimeridhika.

Nyamizi alikuwa ameshatangulia nje. Alipiga magoti, akampa maji kwa kiganja, kidogo kidogo, mpaka Bibi akaweza kumeza bila kukohoa. Alimfuta uso kwa ncha ya kanga. Akageuka, akachuchumaa, Bibi akamshika shingo, mikono yake haina nguvu hata ya kushika kikombe, na Nyamizi akaifunga kwa mbele na ile kanga isije ikaachia.

Mlinzi wa geti alitoka kibandani, kwa sababu kazi ni kazi, akamwuliza bibi huyo ni nani wake.

"Nimemwokota," Nyamizi akasema.

Mlinzi akafikiri, hakuona kosa, akamfungulia njia.